Rangi Haikufika Chemba ya Chini

Kila alipotoka shule, Chiriku alimpelekea baba yake chakula kazini. Jina hilo alibandikwa na bibi wa nyumba ya jirani, nyanya wa rafiki yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Mjukuu wangu, hata redio huzimwa," bibi alizoea kumtania.

Baba yake alisimamia mafundi wa kampuni iliyopewa kandarasi na jiji kuzibua bomba la majitaka mtaani kwao. Kazi ikiisha, mkaguzi wa jiji huja kuipima. Rangi nyekundu humwagwa kwenye chemba ya juu, shimo la kukagulia bomba, kisha husubiriwa kwenye chemba ya chini. Rangi ikitokea, njia ni safi.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alishuhudia rangi ikimwagwa juu, akaanza kuteremka kwa miguu. Huku chini, Chiriku alimkuta baba ameinama juu ya chemba. Maji yalichuruzika membamba, meusi kama jana. Baba alitupa jicho barabarani, akachukua mkebe wa akiba wa rangi, akaumimina ndani.

"Baba, hiyo si…"

"Funga domo. Mashine ya kuzibulia imekufa, na muda wa kazi hii unaisha leo. Kesho tutarudi kumalizia."

Mkaguzi alifika, akachungulia, akaona wekundu. "Kazi nzuri," akasema.

Kesho ile haikuja. Kampuni ilihamia mtaa mwingine, na mvua zikaanza. Majitaka yaliyokosa njia yakarudi nyuma, yakafurika uani kwa kina rafiki yake Chiriku, pale pale bibi alipooshea vyombo. Waliweka matofali ya kukanyaga, wakamwaga majivu, wapi! Bibi akaanza kuhara na kutapika. Alikwenda hospitali amebebwa, akarudi amefunikwa.

Msibani baba aliketi na wanaume wenzake. "Kazi ya Mungu haina makosa," mzee mmoja alisema.

"Haina," baba alijibu, macho chini.

Chiriku alimsikia. Walipofika nyumbani alisimama mlangoni.

"Baba, rangi haikufika."

"Hayo ni ya watu wazima."

"Rafiki yangu ameanza kuumwa tumbo. Na bado analala mle mle."

Baba alikuwa amevua kiatu kimoja.

"Nikisema, nitafukuzwa kazi. Unalijua hilo?"

"Najua, baba."

Akakivaa tena kiatu chake, akaenda kwa mkaguzi.

Alifukuzwa kweli, na kampuni ikanyang'anywa kandarasi. Lakini kwanza aliwaonyesha mafundi wa jiji mahali pa kuchimba. Ndani ya bomba walitoa donge la saruji iliyoganda na matambara, kubwa kama sufuria ya shughuli. Maji yakanywea, ua ukabaki tope. Rafiki yake Chiriku alitibiwa, akapona.

Baba akamshika Chiriku mkono, wakaenda kwa jirani. Mama wa rafiki yake alikuwa akisugua ua kwa ufagio na dawa. Baba alieleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea.

Mama yule hakuinua uso. "Msamaha leo sina, Baba Chiriku. Nikiupata nitakuita. Ukweli wako umekuja, ila umetukuta msibani."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mwanangu, umefanya vyema kusema. Lakini siku nyingine ukiona baya, sema siku hiyo hiyo, hata kama aliyelitenda ndiye anayekulisha. Mkaguzi hudanganywa. Bomba halidanganyiki."

"Nimesikia, mama," Chiriku alinong'ona.

Ufagio wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani. Baba aliuchukua, akakunja suruali, akaanza kusugua upande wa pili wa ua. Mama yule hakumkaribisha, wala hakumfukuza.