Mkono Usio na Mwenyewe

Mkono ule haukuwa na mwenyewe. Hasina aliukuza kwenye kompyuta, akaukuza tena, na kila akiukuza ulizidi kuwa mkono wa kweli: vidole virefu, bangili ya shaba, kucha zilizoliwa na kazi. Ulitua begani mwa mtoto wa kiume mwenye kanzu, mbele ya nyumba ya udongo, Tabora ya zamani za misafara. Wanaume wa ukoo walijipanga na majambia yao, wamenuna kweli kweli. Nyuma ya mtoto, pale ambapo mwenye mkono angesimama, palikuwa na doa jeusi tu.

Akafungua picha nyingine. Soko la Ujiji, mtoto yule yule, mkono ule ule. Nyingine, wapagazi wameketi kando ya pembe za ndovu, na mkono upo. Akavichukua vioo vyenyewe vya picha, maana zamani zile picha zilipigwa kwenye vioo, akavielekeza dirishani. Mtu alikuwa amekwangua kwa sindano, kwa subira na chuki, akamtoa mtu mzima. Mkono tu ndio uliomshinda, maana asingeuondoa bila kumharibu mtoto.

"Baba, huyu nani kakwanguliwa?" alimwuliza baba yake, Zahor.

"Kasoro za picha za zamani hizo. Futa, mwanangu, khalas, yaishe."

Zahor alikuwa na haraka zake. Ijumaa wangekuja wakwe kutoka Qurum kumposa Shahad, mdogo wake Hasina, na wakwe wenyewe ni wale watu wanaouliza asili kabla hawajauliza hali. Alitaka picha zitundikwe majlisi, sebule ya wageni, waone ukoo ulivyotawala bara. Na yule mtoto mwenye mkono ule begani ndiye Murshid, baba yake Zahor.

Basi Hasina akaufuta. Sindano ilishindwa; kompyuta haikuchukua hata muda wa kahawa kupoa.

Siku ile ile, baada ya chakula cha mchana, mji mzima wa Sib, huku Uarabuni, umelala na viyoyozi vinanguruma, Hasina alisikia harufu ya mafuta ya mawese ukumbini. Nyumbani kwao hayajapata kuingia mawese. Kisha akasikia mtu anabembeleza mtoto, sauti ya chini, ya puani, wimbo usio wa Kiarabu wala wa Kiswahili. Akaenda chumbani kwa binti yake Nawar. Mtoto alikaa kitandani, mgongo umenyooka, bega moja linang'aa mafuta.

"Nani kakupaka?"

"Bibi."

"Bibi yupi, mama?"

"Si huyu hapa!"

Hapakuwa na mtu. Hasina alimbeba mwanawe akakimbia naye, na tangu saa ile mtoto akashikwa na homa. Daktari hakuona kitu. Nawar akakataa chakula cha mkono wa mama yake, akawa anakonda huku kila mchana ile sauti inarudi, inaanzia jikoni, inapita ukumbini polepole, inasimama mlangoni pa chumba ambamo Hasina amejifungia na mtoto kifuani, na harufu ya mawese inapenya chini ya mlango, naye anasoma Ayatul Kursi akikosea maneno aliyoyajua tangu utotoni, kwa sababu mtoto aliye kifuani pake anauitikia wimbo ule, neno kwa neno.

Ijumaa alasiri akamleta Bi Sayyida, mganga wa Kiunguja aliyekuwa akipunga watu kimya kimya, majirani wasije wakasema ni shirki. Bi Sayyida alifunga mapazia, akamfunika Nawar shuka nyeupe, akauweka ubani kwenye chetezo.

"Mkubwa wa nyumba ndiye anayejibu," alimwambia Zahor. "Ndiyo ada. Huyo aliyemshika mtoto akiuliza yeye ni nani kwenu, mwite kwa cheo chake katika ukoo. Akiitwa kwa haki, hurudi kwake."

Moshi ukatanda. Shuka ikatikisika. Sauti iliyotoka kinywani mwa mtoto ilikuwa ya mwanamke mzima, iliyochoka.

"Mkono wangu mmeupeleka wapi?"

Hasina akapiga magoti kando ya shuka. "Nisamehe," alinong'ona. "Nimeufuta mimi. Sikujua."

"Unataka nini kwa mtoto huyu?" Bi Sayyida aliuliza.

"Ni damu yangu. Na mwenye nyumba aseme: mimi ni nani kwenu?"

Zahor akarudi nyuma. Hasina akamshika mkono.

"Baba, unamjua."

"Mamake baba yangu," Zahor alinong'ona. "Walimnunua Ujiji, akazaa na babu. Babu ndiye aliyemkwangua."

"Usinambie mimi," Bi Sayyida akasema. "Mwambie yeye, asikie."

Nje milango ya magari ilifungwa. Shahad akachungulia, wanja umemchuruzika. "Baba, wameshafika. Wako uani, watasikia kila kitu. Baba, nakuomba."

Zahor aliutazama mlango, akamtazama mjukuu wake. Hasina alimwona baba yake anachagua, na hajamsamehe mpaka leo.

"Ulikuwa yaya," Zahor akasema, kwa sauti yake ya majlisi. "Yaya wa baba yangu. Tunakushukuru kwa kazi yako."

 Kisha, chini ya shuka, mtoto akacheka kidogo.

"Haya, bwana. Bibi angewatembelea akaenda zake. Yaya hana kwao. Yaya hulala na mtoto."

Bi Sayyida akamwagia maji makaa. "Mimi siwezi tena," alimwambia Hasina, macho chini. "Mgeni nnamtoa. Huyu mmemwajiri wenyewe."

Posa ikakubaliwa, na Shahad sasa yuko Qurum, mke wa watu. Homa ya Nawar ilishuka magharibi ile ile. Ananenepa, ananawiri, kila mtu anamsifu Hasina kwa malezi. Hasina anameza uchungu, anaitikia alhamdulillah.

Kila asubuhi anaingia na sare ya shule mkononi, na kila asubuhi anamkuta mtoto ameshaogeshwa, ameshavishwa sare nyingine, nywele zimesukwa mistari ambayo nyumbani hakuna anayeijua.

"Njoo kwa mama," anamwambia, amefungua mikono.

Nawar hugeuka kwanza, akainua uso kutazama juu, mahali pasipo na mtu, akangoja.

"Amekataa," humjibu, kwa upole, kama anayemhurumia mgeni.