Televisheni Yangu ya Inchi 26 Niliikuta Inawaka kwa Naibu Chifu

Jumamosi, tarehe 13 Septemba 1986, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Nilisukuma mlango wa naibu chifu bila hodi...

Nikaikuta TELEVISHENI YANGU inawaka sebuleni kwake!

Yangu mimi! Inchi ishirini na sita, ya rangi, kabati la mbao kama la nguo. Kitu nilichonunua mimi. Kitu nilichoahidiwa kuletewa mlangoni kwangu mimi.

Naibu mwenyewe kajilaza kitini, shati wazi vifungo vitatu, kitambi kinapunga upepo.

Na mke wangu mgonjwa, Kahonzi wangu, kakalishwa chini kwenye mkeka kama mtu aliyekuja kuomba chumvi!

Ndugu zangu mnaosoma, ningekuwa na panga mkononi, haya ningewaandikia kutoka jela.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi naitwa Gona, mtu wa Tezo, hapa juu ya Kilifi. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imelala vibaya, iacheni ilale.

Miaka ile nilikuwa nakata nyasi hoteli moja Watamu. Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu imevimba, akitembea hatua kumi anashika ukuta.

Daktari akaniita kando.

"Mzee, moyo umechoka. Mpe anachopenda."

Hiyo ndiyo dawa! Mtu kavaa koti jeupe, kasomeshwa na kodi zetu, halafu anakwambia "mpe anachopenda". Hata kinyozi angeniambia hivyo.

Sasa Kahonzi alipenda nini?

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Sidi. Alikuwa shule ya bweni, mwimbaji wa kwaya. Kwaya yao ilishinda, ikapelekwa Nairobi, ikapigwa picha za televisheni. Akatuandikia barua: "Mama, tutaonyeshwa Jumamosi tarehe 13, saa moja kasoro robo jioni. Mimi ndiye ninayeanzisha wimbo."

Barua ile Kahonzi alinisomesha mpaka karatasi ikalegea.

"Baba Sidi," akaniambia, "nikimwona mwanangu ndani ya kile kioo, basi. Hata nikifa, nimekufa nimeshiba."

Pale Tezo televisheni ilikuwa moja tu, kwa Kiponda, kwenye kilabu chake cha mnazi. Ndogo kama sanduku la sabuni, haina rangi, inaendeshwa na betri ya gari.

Mke wangu akamtazame mwanawe katikati ya walevi? Mimi Gona nikiwa hai?

Nikauza ng'ombe wawili. Nikaenda Malindi.

Dukani kulikuwa na muuzaji anaitwa Gerishom. Kavaa tai! Kwenye joto lile la Malindi! Mtu wa namna hiyo hata akikwambia saa ngapi, kaulize kwa mwingine.

"Nataka iliyo kubwa kuliko zote," nikamwambia.

"Hii hapa, mzee. Jirani zako watahama!"

"Inatumia betri?"

"Hii? Hii inatumia chochote, mzee wangu."

"Na mtanifikishia?"

"Mpaka mlangoni! Alhamisi asubuhi. Wewe kaa kitako tu."

Nikakaa kitako Alhamisi. Hola.

Nikakaa kitako Ijumaa. Hola!

Jumamosi asubuhi nikafunga betri nyuma ya baiskeli, nikaenda Kilifi kuichaji. Kule petroli nako wananiambia ngoja, ngoja, kuna betri ya gari la mheshimiwa. Betri ya mheshimiwa ikanywa umeme mpaka alasiri, yangu ikangoja kwenye foleni kama mimi mwenyewe.

Narudi nyumbani, jua linazama.

Hakuna televisheni.

Hakuna mke!

Kitanda kitupu, mlango wazi, mbuzi wananitazama.

Lakini ardhi haidanganyi, jamani. Pale uani mchangani kulikuwa na alama za magurudumu. Pikapu imeingia mpaka mlangoni kwangu kabisa, ikageuka kando ya banda la mbuzi, ikatoka.

Kiponda akapita na dumu lake la mnazi.

"Gona! Unafanya nini hapa? Televisheni yako iko kwa Dena!"

"Dena gani?"

"Dena yupi mwingine? Naibu chifu! Na mkeo wamemwingiza humo wamembeba na kiti. Watu wamejaa kama harusi. Mimi leo hata mteja sina!"

Sikufunga mlango. Nilifuata zile alama za pikapu mguu kwa mguu, na betri bado iko kwenye baiskeli.

Huyu Dena lazima niwaambie alikuwa mtu gani. Mtu wa kofia na fimbo. Nyumba ya mawe, bati jipya, na jenereta nyuma ya nyumba. Mshahara wa naibu chifu unanunua jenereta? Msiniulize mimi. Ukichinja kuku Tezo, yeye anajua paja liko wapi.

Basi nikaingia. Hapo ndipo nilipoanzia hadithi.

"Aaa, Gona! Karibu, keti, bado hawajaanza."

"Unanikaribisha kwenye kitu changu?"

Sebule nzima ikanigeukia. Jenereta tu ndiyo inayonguruma.

"Keti kwanza nikueleze," akasema Dena. "Lile gari lilikwama kwenye mchanga, halikufika kwako. Wakaishusha hapa. Nami nikaona badala ya kukaa tu..."

"Lilikwama?"

"Lilikwama, haki ya Mungu."

"Na yale magurudumu uani kwangu ni ya nini? Ya punda?"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo na leso.

Dena akafungua kinywa... akakifunga. Akamtazama mke wangu.

Kahonzi akatazama mkeka.

Nami nikasema moyoni, ohoo! Kumbe kamtisha!

"Mama Sidi, walikulazimisha?"

"Baba Sidi, keti," akasema polepole. "Imebaki nusu saa."

"Nusu saa nyumbani kwa mwizi? Mimi?!"

Dena akasimama, kitambi kikatangulia.

"Gona! Chunga ulimi. Mimi ni serikali!"

"Basi serikali ni mwizi wa televisheni! Ng'ombe wangu wawili, wewe umekuja kulalia ngozi!"

Nikaenda ukutani, nikaing'oa plagi.

Picha ikanywea, ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo... ikazimika.

Nikaokota vijana wanne, wakaipandisha kwenye mkokoteni. Kahonzi tukampandisha pia. Njia nzima alikuwa ameikumbatia ile televisheni kwa mikono miwili isianguke, na yule yule ndiye mtu wa kushika ukuta.

Nyuma watu wanalalamika. "Gona, si utuachie tuone kwaya?" Nikawajibu, "Kaoneni kwaya kanisani!"

Ndugu zangu, nilijiona dume siku ile. Nimemvua nguo naibu chifu mbele ya lokesheni nzima!

Tukafika. Nikaishusha katikati ya chumba. Nikafunga waya kwenye betri, hasi kwa hasi, chanya kwa chanya, kama nilivyoona kwa Kiponda.

Kimya.

Nikageuza waya.

Kimya.

Nikaipiga kofi. Cheche ikaruka, harufu ya moto ikanijia puani.

Saa moja kasoro robo ikafika.

Saa moja kasoro robo ikapita.

Mke wangu kakaa kitandani, macho kwenye kioo cheusi. Sijui aliona nini mle. Mwisho akasema:

"Haidhuru, Baba Sidi. Njoo ule."

Jumatatu nilikuwa Malindi kabla duka halijafunguliwa.

"Haiwaki!"

Gerishom akauliza, "Umeiweka kwenye stima?"

"Kwenye betri!"

Mtu yule alicheka mpaka tai ikamwingia kwenye chai.

"Mzee! Betri ni za zile ndogo! Hii bila stima ya ukutani au jenereta ni kabati tu!"

"Ulisema inatumia chochote!"

"Stima yoyote, mzee. Na kitu kikishafika kwako ni chako."

Stima! Nyaya za stima zilipita juu ya mikorosho yangu zikielekea kwenye mahoteli ili wazungu wapoze soda. Mimi nilikuwa napewa kivuli cha waya. Wakubwa walioamua nguzo zipite wapi, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama usoni.

Kahonzi alifariki Januari. Ile televisheni alikuwa ameifunika kitambaa, juu yake akaweka sahani.

Dena alikuja matangani. Kavua kofia, kashika mchele kilo mbili. Nikamsimamisha mbele ya watu wote.

"Rudi ulikotoka! Hapa hakuna televisheni nyingine!"

Watu wakacheka matangani. Mimi ndiye niliyewachekesha.

Akageuka, akaenda zake. Mchele akauacha kwenye jiwe.

Kuanzia siku ile sikumpa salamu. Akinisalimia, natema mate kando. Alipokufa yeye, kaburi lake sikulijua liko upande gani.

Sasa shikeni viti vyenu.

Mwaka 1999 niko Malindi, nimekaa kwa fundi viatu. Jamaa mmoja mwenye mvi ananitazama, ananitazama...

"Shikamoo mzee. Wewe si Gona wa Tezo? Wa televisheni kubwa?"

"Marahaba. Wewe nani?"

"Laban. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa lile duka. Niliileta mimi."

Damu ikanipanda.

"Kwa nini ulimpelekea yule mwizi?"

Akashangaa.

"Mwizi gani? Mzee... mama hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Tulifika kwako saa saba. Tukaishusha mpaka ndani. Nikaona nyaya za betri umezipanga vizuri juu ya kiti. Nikamwambia, mama, hii haiendi na betri hata ukileta kumi. Akazitazama zile nyaya. Halafu akaniuliza, jenereta je? Nikamwambia hiyo itawasha. Akasema, basi ipakieni, mnipeleke na mimi kwa naibu chifu."



"Akatuomba jambo moja," Laban akaendelea. "Akatuapisha mimi na naibu wote wawili. Akasema, mume wangu ameuza ng'ombe wake kwa ajili yangu, sitaki watu wajue amenunua kitu kisichowaka nyumbani kwake. Atakayeuliza, mwambieni gari lilikwama mchangani."

Gari lilikwama mchangani...

Uongo ule ulitungwa na mke wangu ili kunisitiri mimi! Na mimi nikautumia kumvunjia heshima mtu pekee aliyekubali kuubeba.

Yule Dena alipomtazama Kahonzi pale sebuleni, hakuwa anamtisha. Alikuwa anamwomba ruhusa aseme. Hakupewa.

Na mpumbavu yule akanyamaza! Nikamwita mwizi, akanyamaza. Nikamfukuza matangani na mchele wake, akanyamaza. Serikali nzima, kofia na fimbo, ikashindwa kuvunja kiapo cha mwanamke mmoja aliyekwisha kufa! Alichukua mapaja ya kuku wetu miaka ishirini, lakini siri ile alikwenda nayo kaburini. Mpaka leo namkasirikia. Sijui hata namkasirikia kwa lipi.

Gerishom simsamehe. Waliopitisha nyaya juu ya kichwa changu siwasamehe. Lakini mkono ulioing'oa plagi ni huu huu unaoandika hapa.

Wenye akili zenu, chukueni hili. Ukimkamata mtu na uongo, usikimbilie kuupasua mbele ya watu. Uliza kwanza uongo ule unamfunika nani. Huenda ni wewe uliye uchi chini yake.

Sidi alipokuja likizo alimuuliza mamake, "Mliniona?" Kahonzi akamjibu, "Tulikuona mwanangu, uliimba vizuri." Uongo huo nao mimi niliusikia, nikautafuna kimya.

Lakini kuna jambo linanila. Kutoka kwa Dena mpaka kwangu ni mwendo wa mkokoteni. Tulikuwa wawili mbele, vijana wanasukuma nyuma. Muda ulikuwepo. Tungegeuza, tungerudi, angemwona mwanawe. Neno moja tu la kuninong'oneza lingetosha, nami ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Nimewauliza wazee. Nimemuuliza padri. Nimemuuliza Sidi mwenyewe, akalia tu.

Nyinyi wanawake mnaosoma hapa, niambieni nyinyi... kwa nini Kahonzi hakusema?