Kamera Niliyomchagulia Mama Mkwe

Sebule nzima ilikuwa inacheka.

Mimi tu ndiye sikucheka. Na sababu nilikuwa naijua.

Kwenye televisheni kulikuwa na picha ya bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha mbao. Nasema bibi kwa sababu tuliambiwa ni bibi. Wewe ungesema ni pazia linapepea.

"Mama, hapo ulikuwa unakimbia?" mume wangu akauliza.

"Na hii je?" wifi yangu akadakia. "Huyu ni Mama Mkubwa au ni moshi?"

Wakacheka tena. Mama mkwe naye akacheka nao, kidogo, ili asiwaharibie. Kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya mtandio wake, akaificha.

"Mikono yangu, wanangu," akasema. "Mikono yangu ndiyo mibovu. Kamera haina kosa."

Wasomaji wangu... kamera ilikuwa na kosa. Na kosa hilo nililichagua mimi, kwa macho yangu mawili, huku naambiwa.

Hebu niwarudishe nyuma kidogo.

Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani. Gauni langu la harusi alilishona yeye, na mpaka leo sijaona mshono ulionyooka vile. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzo alishindwa tu kutunga uzi kwenye sindano. Ikafika mahali ukimpa kikombe cha chai, lazima usikijaze. Akahamia kwetu, cherehani akaiuza.

Hela ya cherehani akaiweka kwa jambo moja tu: safari ya kwenda kumwona dada yake. Dada huyo sisi tunamwita Mama Mkubwa. Ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu zake wa tumbo moja, anaishi nchi nyingine, na miguu yake haimbebi tena. Walikuwa hawajaonana tangu wakiwa wasichana.

"Nataka kamera ya safari," Mama aliniambia jioni moja tukimenya viazi. "Si ya kwenye simu, vile vitufe vya simu vidole vyangu vinavikosa. Kamera yenyewe. Nimpige dada yangu picha, nije niwaoneshe. Sidhani kama nitapata safari ya pili."

"Sawa, Mama."

"Nenda wewe ukanichagulie. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Na mikono yangu unaijua."

Na mikono yangu unaijua... Maneno hayo hayajanitoka kichwani mpaka leo.

Sasa na mimi mnijue. Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu na ukurasa huu mnaousoma sasa hivi. Mitindo yote mliyokuwa mnaiona humu nilikuwa nairekodi kwa simu iliyopasuka kioo. Kamera nilikuwa naitamani mpaka naiota.

Muuza kamera alinisikiliza vizuri. Nikamweleza habari ya safari, na kwamba ni mama mtu mzima mwenye mikono inayotetemeka. Hakufikiri mara mbili. Akanitolea moja nyeusi, nene, ya kizamani kwa sura.

"Hii ina kitu ndani cha kutuliza picha mkono ukitikisika," akasema. "Na ona hapa, ina tundu la kuchungulia. Anaibana kwenye paji la uso, inatulia. Kwa mikono kama hiyo usihangaike na nyingine, dada."

Nikaitazama. Kisha macho yangu yakahamia rafu ya pili.

Ilikuwa nyeupe, nyembamba, imekaa pale inaniita. Kioo chake kinafunguka na kugeuka, unajiona mwenyewe wakati unajirekodi.

"Na ile?"

"Ile ni ya watu wa video. Nzuri, lakini haina cha kutuliza mkono. Halafu ni nyepesi, mtu anayetetemeka itamsumbua. Bei ni moja, ila kwa mama yako chukua nyeusi."

Jamani, aliniambia. Tena mara mbili.

Nikapiga hesabu zangu moyoni. Mama ataitumia safari moja tu. Akirudi atafanya nayo nini? Itakaa kabatini, na siku moja atasema mwanangu hebu chukua. Mikono inatetemeka, ndiyo... lakini si atajikaza kidogo?

"Nipe nyeupe," nikasema.

Muuza kamera akafungua mdomo, akaufunga, akainama kutafuta boksi lake.

Kabla sijafika nyumbani nilipita saluni, nikaijaribu. Kidogo tu, nikajidanganya, kuona kama inafanya kazi.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza huku na huku. Akafungua kile kioo, kikageuka, akajiona uso wake. Akakifunga taratibu.

"Asante, mwanangu. Umejisumbua."

"Ukirudi usihangaike kuitunza, Mama. Nitakutunzia mimi."

"Najua," akasema.

Nami kwa ujinga wangu nikaona ameridhika. Nikarudi jikoni naimba.

Sasa turudi sebuleni, siku ya kuangalia picha.

Kabla hatujaanza, Mama alimwambia mwanawe, "Ile ya kwanza iruke, imeharibika. Anzia ya pili." Mume wangu akairuka. Tukaziangalia zote. Mama Mkubwa mlangoni, ametikisika. Mama Mkubwa na wajukuu zake, hawana sura. Mikono ya dada wawili imeshikana, ukungu mtupu. Hata moja ya kusema hii itiwe fremu haikuwepo.

Vicheko vikaisha vyenyewe.

"Kwa hiyo Mama Mkubwa sura yake hatutaijua," mume wangu akasema.

"Nimemwona mimi," Mama akajibu taratibu. "Inatosha."

Haikutosha. Nilimwona alivyoendelea kuitazama televisheni baada ya kuzimwa. Roho ikanisuta hadi chakula kikanishinda.

Kesho yake sikufungua saluni. Nikamwambia Mama naipeleka kamera ikasafishwe. Uongo juu ya uongo. Akatoa kadi yenye picha zake, akanipa kamera bila kuniuliza kitu.

"Kaka, nataka kubadilisha," nikamwambia muuza kamera. "Nipe ile nyeusi."

"Imemshinda mama?"

"Picha zote zimetikisika."

Akaifuta kaunta, ingawa ilikuwa safi.

"Dada, nikuambie kitu nilichoambiwa nisikuambie?"

"Niambie, kaka."

"Yule mama alipita hapa kabla yako. Alitaka kujua tu kama kuna kamera ya mikono kama yake. Nikampa hii nyeusi, akapiga picha mlango wangu ule. Ikatoka safi. Alifurahi mpaka akanishika bega."

"Sasa kwa nini hakuinunua?"

"Nilimwambia nimfungie kabisa. Akasema hapana, mkwe wangu atakuja kunichagulia, nimeshamwachia yeye. Usimwambie nilipita, asije akaona simwamini. Basi ulipoitaka nyeupe, mimi nikabaki nimefungwa mdomo."

Nikaisogeza ile nyeupe upande wake wa kaunta.

Kwa hiyo Mama alijua. Tangu alipofungua boksi akaikuta nyeupe, alijua kwamba nyeusi ilikuwepo, na kwamba nimeiacha. Na bado akasema asante.

Nilirudi nyumbani na boksi jipya kifuani. Nikamkuta chumbani kwake anakunja nguo na kuziweka kwenye begi, polepole, kwa ile mikono yake.

"Mama... unakwenda wapi?"

"Narudi kwa dada yangu."

"Kwa muda gani?"

"Kuishi, mwanangu. Mumeo nimeshamwambia asubuhi. Imemuuma, lakini ameelewa."

Nikapiga magoti palepale. Nikamwambia yote, kuanzia rafu ya pili mpaka hesabu zangu za kabatini. Sikubakiza kitu. Yeye alikuwa anakunja gauni moja, analikunjua, analikunja tena.

"Najua," akasema nilipomaliza.

"Kwa nini hukusema? Ungesema, ningeibadilisha siku ileile."

"Ungebadilisha kamera. Mimi sikuwa nalilia kamera."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

"Unaikumbuka ile ya kwanza niliyosema irukwe?" akaniuliza. "Haikuharibika. Ni video. Ni wewe, uko saluni, umetoka safi hata nywele zinahesabika. Unasema, 'Kamera yangu mpya hii, mnaionaje?'"

Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau kuifuta.

"Nilikuwa namwonesha dada yangu picha zetu, tukaikuta. Akaitazama mpaka mwisho. Akaniuliza, 'Huyu ndiye anayekutunza?'"

"Ukamjibu nini, Mama?"

"Nilitaka kukutetea. Nikatafuta neno, sikulipata. Akaona. Akaniambia, basi njoo tuzeekee wote huku."

Nimeshatukanwa na wateja, nimeshasemwa na mawifi, nikalala usingizi wangu. Sauti ya Mama ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza duka lilipo, na ndiyo iliyonimaliza.

Nikamsogezea boksi. Akalifungua, akaweka kadi yake. Akaiinua ile kamera nyeusi, akaibana kwenye paji la uso. Akanipiga picha nikiwa nimepiga magoti, kamasi na machozi vimechanganyika.

Akaniwekea kioo cha kamera mbele ya macho. Kila chozi lilikuwa linaonekana.

"Hii inapiga vizuri," akasema. Akaiweka ndani ya begi, juu ya nguo.

Aliondoka wiki hiyohiyo.

Siku hizi picha zinaingia kwenye grupu la familia. Mama Mkubwa mlangoni. Mama Mkubwa anacheka, jino moja la mbele halipo. Mikono ya dada wawili imeshikana, mpaka mishipa unaiona. Mume wangu anazionesha kazini kwake zote. Halafu akirudi nyumbani, kuna siku anaingia chumba cha mama yake, anakaa kitandani.

Jana aliniita nikaangalie picha mpya.

"Umeona? Mikono ya Mama imepona kabisa huko. Hali ya hewa imemkubali."

"Ndiyo," nikasema.

Maana Mama hakumwambia. Mpaka anafunga begi alimwambia tu kwamba amemkumbuka dada yake. Alinifichia hata mimi niliyemfukuza.

Somo langu ni dogo. Mtu akikuomba umchagulie kitu, hiyo kazi si ya dukani peke yake. Amekukabidhi udhaifu wake uushike. Ukichagua huku unajifikiria wewe, atakitumia, atakushukuru, na utakapogundua alikuwa anajua, atakuwa ameshakunja nguo zake.

Sasa naongea na mtu mmoja tu, ninyi wengine mnisamehe.

Mume wangu. Najua ukurasa huu huwa unausoma kazini wakati wa chakula cha mchana. Mikono ya mama yako haijapona. Hakuondoka kwa sababu ya dada yake. Aliondoka kwa sababu yangu, na nilishindwa kukuambia nikiwa nakutazama usoni.

Nipo saluni, wateja wote nimewarudisha.

Njoo.