Bibi Wawili, Mjukuu Mmoja

Kashindye alivuka daraja la Busisi kwa basi asubuhi, jogoo mapajani na kikohozi kifuani. Mafua yalikuwa yamempata tangu juzi, na homa juu yake. Lakini mwanawe Shigela, anayeishi Butimba, alikuwa amepata mtoto wa kwanza. Mtoto alipewa jina la marehemu babu yake, Maige. Kwa jina hilo Kashindye angekuja hata kwa kutambaa.

Winnie, mke wa Shigela, alimpokea mlangoni akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe mume wangu nimbebe."

"Mama, naona unakohoa. Tusubiri kwanza upone. Kaa hapa barazani, nakuletea uji wa moto."

Kashindye akakaa kitini. Kupitia dirishani aliona jambo lililomchoma. Odeta, mama yake Winnie, alikuwa amempakata Maige, anamwimbia. Odeta alipomwona mgeni, alisogea dirishani akamwinua mtoto juu.

"Mwone, Mama Shigela. Macho ni yenu haya."

Ananiringia, Kashindye aliwaza. Jina ni la mume wangu, halafu anayebeba ni yeye. Wivu ulimkaba hata uji ukamshinda.

Mchana Winnie aliingia kuoga. Odeta alikuwa uani akianika nepi. Kashindye hakungoja. Aliingia chumbani, akamnyanyua Maige, akambusu mashavuni. Akakohoa, akakohoa tena, uso wa mtoto ukiwa chini ya kidevu chake. Kisha akamlaza na kutoka. Alijisikia mshindi. Mshindi wa nini, hakujiuliza.

Siku chache baadaye Maige alichemka mwili. Akakataa ziwa. Mbavu zikawa zinabonyea kila anapovuta pumzi. Shigela alimkimbiza hospitali, akalazwa na kuwekewa oksijeni.

Kashindye alibaki kwenye benchi la nje, analia. Fadhila, nesi wa pale na jirani yao Butimba, alimletea barakoa.

"Pole mama. Daktari anasema ni homa ya mafua."

"Mafua tu ndiyo yamfanye hivi?"

"Haya si ya kupuuza. Kwa mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mwenye pumu, yanaweza kuua. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, virusi hurushwa hewani. Vingine hubaki mikononi."

Kashindye aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nilimbeba kwa siri. Nilimwonea wivu Odeta."

Fadhila hakumgombeza. "Anayeumwa akae mbali na wengine, akoholee kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni. Na chanjo ipo."

"Basi mchanjeni Maige."

"Hajafikisha miezi sita, bado hachanjwi. Tunachanjwa sisi tunaomzunguka, kila mwaka, maana virusi hivi hubadilika. Na mama akichanjwa akiwa mjamzito, mtoto huzaliwa na kinga kiasi. Si kila kituo kina chanjo hii, kwa hiyo ulizeni kwanza."

Maige alipona. Odeta alipoambiwa ukweli, hakumsemesha Kashindye mpaka mtoto alipotoka hospitali. Kashindye alipopona, familia nzima ilikwenda kuchanjwa.

Miezi ilipita. Kashindye alikuja tena, safari hii bila kikohozi. Barazani, kwenye kiti kilekile, alimkuta Odeta amevaa barakoa.

"Mama Winnie, si ulichanjwa wewe?"

"Nilichanjwa. Fadhila anasema mafua yana aina nyingi, na chanjo haizuii yote. Haya yangu ni mepesi, lakini nimejitenga mwenyewe."

Kashindye alinawa mikono kwa sabuni, akaingia. Winnie akampa mtoto bila kuombwa. Maige alikuwa mzito, anacheka, anavuta kitenge cha bibi yake. Leo ni wangu peke yangu, Kashindye aliwaza. Alitaka Odeta alione hilo vizuri. Akasogea dirishani, akamwinua mtoto juu.

Kisha akayaona macho ya Odeta juu ya barakoa. Aliyajua macho hayo. Yalikuwa yake mwenyewe, ya siku ile ya uji.

"Mama Winnie," aliita kupitia kioo, "siku ile ulikuwa unaniringia?"

"Kukuringia nini? Nilikuwa nakuonyesha mjukuu wako."

Kashindye alimsogeza Maige karibu zaidi na kioo, akamshikilia hapo mpaka mikono ikamuuma.