Si Kifua, Ni Ziwa

Kila asubuhi napanga nyanya zangu kwenye baraza la duka la Mama Jaya, hapa Tororo. Yeye ni Mhindi, mzaliwa wa hapa hapa. Anafungua mlango wa chuma, tunasalimiana, siku inaanza.

Siku moja niliona habebi tena mfuko wa sukari kwa upande wa kushoto. Na kando ya mizani ameweka chupa ya dawa ya kikohozi.

"Mama Jaya, mbona sijakusikia ukikohoa?"

"Kifua kinanisumbua, Mama Olupot."

"Vumbi la kiwanda cha simenti," mumewe akadakia kutoka ndani. "Mji huu wote una kifua."

Chupa ikaisha, ikaja nyingine. Nikachoka. Mumewe alipokwenda Busia kuleta mali, nikamfuata nyuma ya kaunta.

"Kifua gani hicho kisicho na kikohozi?"

Akatazama mlango kwanza. Kisha akashika ziwa lake la kushoto. "Kuna kijiwe hapa. Hakiumi."

"Hilo ni ziwa! Daktari alisemaje?"

"Baba Jaya ndiye aliyeeleza. Mimi nilikaa tu. Neno ziwa aliliona haya, akasema kifua."

Ee Mungu wangu! Mke ana kijiwe kwenye ziwa, mume anasema kifua, daktari anatibu kikohozi.

Nikamwita sista Ritah, muuguzi anayefundisha wanawake sokoni.

"Duka hili unalipitaga tu. Kwa nini?"

"Wahindi hawa si wanatibiwa India, mama?"

"Nani amekwenda India? Huyu hata Mbale kufika ni shida!"

Ritah akainamisha kichwa. Kisha akaingia, akakaa na Mama Jaya.

"Kansa ya matiti haiulizi kabila. Mara nyingi mwanzoni haiumi. Si kila kijiwe ni kansa, lakini kila kijiwe kipimwe haraka. Hata ngozi ikibonyea, au chuchu ikitoa damu, usingoje. Ukifika hospitali, omba muuguzi mwanamke. Useme mwenyewe."

Jioni mumewe akarudi, akasikia mkewe anataka kupimwa ziwa.

"Watu watasema! Binti yetu Jaya ataolewa na nani?"

"Na siku ya harusi," nikamwambia, "nani atamvisha Jaya bangili? Chupa ya kikohozi?"

 Kesho yake wakaenda hospitali. Safari hii Mama Jaya alisema mwenyewe: "Ziwa." Madaktari wakachukua kipimo kwa sindano. Ilikuwa kansa, lakini bado ndogo. Akapasuliwa, akapewa dawa Kampala. Nywele zilidondoka zote. Niliomba kila siku, nikalinda nyanya na duka pia.

Sasa nywele zimeota, fupi kama za mtoto. Juzi mteja mmoja, Prossy, alikuja kununua sukari.

"Mama Jaya, siku hizi kifua kinanisumbua."

Mama Jaya akaweka chini kijiko cha sukari.

"Kifua, dada, au ziwa?"

Prossy akatazama chini. Mume wa Mama Jaya akainuka mwenyewe, bila kuambiwa, akatoka, akakaa barazani karibu na nyanya zangu ili wanawake waongee.

Nikamsogezea kigoda.