Mikato Miwili kwenye Kompyuta ya Koinet

Mwizi alikata kufuli, akaingia, akazipita konsoli mpya za michezo zilizopangwa kwenye kaunta, kisha akaondoka na kompyuta ambayo hata haiwaki. Mwizi gani huyo? Inspekta Naeku aliitazama rafu tupu katika duka la Wahome, hapa Kitengela, na hakupenda alichokiona. Wezi wa mji huu anawajua, na hakuna hata mmoja anayeacha mali akabeba mzigo.

Askari wa alama za vidole waliendelea kupaka unga wao mlangoni. Naeku akamkalisha Wahome.

"Kompyuta ya nani?"

"Ya kijana mmoja, Koinet. Alikuwa anaijenga hapa dukani polepole, afande. Leo kasha, baadaye kadi ya michoro. Alibakisha memori tu."

"Mbona hakumaliza?"

Wahome akacheka bila furaha. Bei ya memori, alieleza, ilikuwa imepanda mpaka hata yeye muuzaji aliona haya kuitaja. Kila Koinet alipokuja na pesa, alikuta bei imemkimbia. Wengi walichoka wakanunua konsoli, maana hiyo unaichomeka tu na kucheza. Koinet naye akapotea, simu haipatikani. Kimya kilipozidi, Wahome aliamua kuifungua mashine auze vipuri, akaweka picha mtandaoni.

Naeku aliomba kuiona. Kwenye ukingo wa kasha palikuwa na mikato miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Hii ni nini?"

"Kasoro. Ndiyo maana nilipunguza bei."

Kasoro! Naeku alilelewa katika boma la wafugaji, na mkato wa sikio la ng'ombe anaujua akiuona. Kila familia ina wake. Kijana alikuwa ameitia mashine yake alama, kama mtu anavyomtia mtamba wake.

Basi aliendesha gari upande wa Isinya, akiwaonyesha wachungaji ile picha. Wa tatu hakusita. Hiyo ni alama ya Mzee Simel, alisema, akanyoosha fimbo.

Mzee alikuwa langoni. Naeku aliinamisha kichwa, naye akamgusa utosini kama desturi inavyotaka.

"Umekuja kuichukua," akasema.

Ndani, kompyuta ilikuwa juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri, imefunikwa shuka nyekundu.

"Koinet yuko wapi, papa?" Naeku akauliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Tulimzika kabla ya mvua."

Naeku akaketi. Hakutoa pingu.

"Aliniomba niuze mtamba wake amalizie hii kitu," Simel alisema. "Nikakataa. Nikamwambia anunue ile ya kuunganisha na TV, michezo ni michezo. Akasema hiyo ni ya kucheza tu, yeye anataka kutengeneza. Nikamcheka. Akaenda kuvunja mawe kwa machimbo, atafute pesa yake mwenyewe. Mawe yakamwangukia."

"Kwa nini hukumwambia Wahome?"

"Nilionyeshwa ile picha, inauzwa vipande vipande, na iko na alama yetu. Ningeenda pale niseme nini? Kwamba mimi ndiye nilimnyima?"

Naeku alimpigia Wahome simu. Wahome akasema hakujua Koinet amekufa, alidhani kijana amenunua konsoli kama wenzake. Kesi hakuitaka tena. Lakini kufuli lilikuwa limekatwa, na taarifa lazima iandikwe kituoni. Moyo ulimuuma Naeku, na uso wake haukuficha.

Simel aliibeba kompyuta mwenyewe. Karibu na zizi akasimama.

"Ingepata hiyo memori, ingewaka?"

"Ingewaka, papa."

"Ng'ombe mmoja angetosha?"

Mtamba wa Koinet alikuwa pale ukingoni, sikio lake lina mikato ile miwili. Naeku alitamani kudanganya.

"Angetosha."

Mzee akaingia garini, akaipakata kompyuta, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe.