Msomaji wa Zamu ya Usiku

Nilitumwa tufe.

Saa kumi na mbili na nusu jioni Profesa alinipa funguo za maabara ya chini nikalete lile tufe la chuma la umeme tuli, linalosimamisha nywele za mtu akiligusa. Kesho yake wanafunzi mia mbili wa sekondari walikuwa wanakuja kuitembelea idara yetu ya fizikia, na bila tufe lile huwezi kumshawishi mtoto yeyote kwamba fizikia ina raha.

"Na ukiwa huko," alisema bila kuinua macho, "saini ukurasa wa kwanza wa daftari la waya. Jumatatu nami nitasaini tasnifu yako."

Tasnifu yangu ilikuwa imekaa mezani kwake miezi saba. Nikaitikia. Ningeitikia hata kama angeniambia nilibebe tufe kwa meno.

Maabara ya chini ina ngazi kumi na nne. Nazihesabu kila nishukapo, ndivyo nilivyo. Mwisho wa chumba kuna waya mwembamba unaoning'inia kutoka darini, umebeba uzito wa chuma. Kadiri waya unavyorefuka, mshale mdogo husogea mbele ya bamba lenye mistari. Profesa alitaka mshale huo usomwe kila saa, mchana na usiku, kwa miaka mitano, kwa macho ya mtu na si kwa mashine. Mchana tulisoma sisi wasaidizi. Usiku, alisema, ana msaidizi wake mwaminifu. Tulimcheka sana msaidizi huyo asiyeomba likizo wala kushikwa na mafua. Mlinzi wa getini aliapa hajawahi kumwona akiingia. Tukamwambia atamwonaje, na yeye huwa anakoroma?

Nilifungua daftari.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na safu tatu: jina la msomaji, jina la mama yake, tarehe ya kuzaliwa. Nikausoma mara mbili. Daftari gani la maabara linauliza jina la mama?

Mstari mmoja tu ulikuwa umejazwa, kwa mwandiko niliokuwa naujua. Dada Kipimo. Ndivyo tulivyomwita. Ndiye aliyenifundisha kusoma vipimo nilipoingia idarani. Tulimzika miaka miwili iliyopita, baada ya homa ya siku tatu. Nilikuwa karibu na kaburi. Wabebaji walitazamana, kwa sababu jeneza lilikuwa jepesi mno.

Niliiweka kalamu chini.

Nikafungua kurasa za karibuni, labda ili nisiutazame ule mstari mtupu wa pili. Vipimo vya mchana vilipanda polepole, kama inavyotakiwa. Vya usiku vilikuwa juu kidogo. Nikachukua karatasi, nikatoa mchana kwenye usiku, usiku arobaini mfululizo.

Nusu ya mgawanyo, ile nafasi kati ya mstari na mstari wa bamba. Kila usiku. Nusu kamili.

Kosa hilo nilikuwa nalijua, na mwenye nalo nilimjua. Jicho la kulia la Dada Kipimo lilikuwa halioni tangu utotoni. Alisoma kwa jicho la kushoto, na ukiutazama mshale ule kutoka kushoto unauona umesogea kulia, kwa nusu ya mgawanyo. Alikuwa akicheka mwenyewe. "Toa nusu, mdogo wangu. Mimi ni chombo kibovu, lakini ubovu wangu unajulikana."

Hakuna mtu mwingine idarani aliyekuwa na kosa hilo.

Kipimo cha mwisho cha usiku kilikuwa cha alfajiri ya siku hiyohiyo. Nikakigusa kwa kidole... wino ulikuwa bado na unyevu.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa moja kasoro dakika mbili.

Kwanza ikaja harufu. Udongo uliochimbwa sasa hivi, na kitu kingine chini yake, kama nguo zilizokunjwa mbichi. Kisha, nyuma ya mlango wa stoo, ambao ufunguo wake anao Profesa peke yake, nikasikia ndala.

Kwa... kwa... kwa...

Mlango ukafunguka bila ufunguo.

Alikuwa amevaa koti jeupe la maabara. Pindo lake lilikuwa jeusi kwa udongo. Alinipita karibu hivi kwamba baridi yake ilinigusa shavuni, akasimama mbele ya waya, akageuza uso kidogo. Akatazama kwa jicho la kushoto. Akaandika.

"Dada," nilinong'ona.

Mkono ulisimama. Alifungua kinywa kunijibu.

Ulimi haukuwepo.

Akalifunua daftari mpaka ukurasa wa kwanza, akaweka kiganja juu ya ule mstari mtupu, akaukandamiza mpaka kucha zikabadilika rangi. Akanitikisia kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

"Umeshasaini, mwanangu?"

Profesa alikuwa amesimama chini ya ngazi. Sikuwa nimesikia kishindo chake. Hakumtazama Dada Kipimo hata kidogo, kama mtu asivyoitazama meza yake mwenyewe.

Niliogopa. Sitadanganya. Lakini sauti ilitoka.

"Mama yangu hana shughuli na waya wako, Profesa."

Alitabasamu. "Huyu amechoka. Anahitaji mwenzake. Bila sahihi yako hakuna sahihi yangu."

"Basi sitahitimu. Nitakufa sina shahada, lakini nitakufa mara moja tu, na nitabaki nilikozikwa."

Kisha nikafanya jambo ambalo kwa miaka mitatu nimewafundisha wanafunzi kwamba ni haramu. Kurasa za daftari la maabara zina namba. Hata ukikosea, huchani. Nikakisukuma kile kiganja baridi pembeni, nikaushika ukurasa wa kwanza, nikauchana mpaka kwenye uzi.

Waya ukakatika.

Uzito ulianguka sakafuni kwa kishindo kilichozima taa. Zilipowaka, tulikuwa mimi na Profesa peke yetu. Pale alipokuwa amesimama Dada Kipimo palikuwa na udongo mbichi wa kujaza kikombe.

Profesa hakukasirika. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, macho kwenye mlango wa stoo uliokuwa bado wazi.

"Yeye alikuwa msomaji," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenye kusomewa ni mwingine. Sasa atasomewa na nani?"

Nikabeba tufe langu, nikapanda ngazi.

Kesho yake wanafunzi walikuja, nywele zikasimama, wakacheka mpaka kengele ya kuondoka. Profesa hakutokea. Wanasema yuko likizo ndefu. Tasnifu yangu imeanza upya kwa msimamizi mwingine, sura ya kwanza, na mama ananiuliza kila wiki nitamaliza lini. Namwambia nitamaliza.

Ule ukurasa niliuchoma, majivu nikayatia maji.

Lakini kila jioni, saa moja kamili, mlango wa chumba changu unagongwa. Pigo moja. Sijawahi kufungua. Nasogea mpaka kwenye kitasa na nasema kwa sauti ambayo majirani wote wanaisikia:

"Kama ni wewe Dada, kapumzike. Kama ni mwingine, sisaini."

Jana, kwa mara ya kwanza, kilipita kipande cha karatasi chini ya mlango. Safu tatu. Safu ya katikati ilikuwa imeshajazwa jina la mama yangu.

Nimempigia mama simu. Yuko salama; anakuja kesho, na amesema atalala upande wa mlangoni yeye.